Kona ya Nyuma, Kushoto

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Draku alipofika Kuluba, nyumbani kwa wakwe zake, kumchukua binti yake. Patience, mtoto wa miaka minne, alikuwa amelala kwenye mkeka kwa homa, midomo imepauka kama majivu. Mganga wa zahanati alikuwa ameshapiga simu Arua. Hospitalini kulikuwa na chupa moja tu ya damu ya kundi lake. Wangemwekea mpaka saa mbili. Baada ya hapo angepewa mwingine, na waliongoja walikuwa wengi.

Draku alipombeba mtoto kumpeleka garini, alimkuta mwanamke mzee ameshakaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, na sufuria na mkeka miguuni. Hakushangaa. Mgonjwa hapelekwi hospitali bila mwanamke wa kumpikia na kumfulia. Alidhani ni mmoja wa mama wadogo wa mke wake, na mkwe wa kike hakodolewi macho wala haulizwi jina. Akainamisha kichwa, akasalimia, kisha akageuza kioo cha ndani kitazame paa.

Concy, mke wake, aliingia nyuma, akampakata mtoto. Miguu ya Patience ikalala mapajani mwa yule mzee.

Walipoipita Koboko, lami ikanyooka. Kilomita sabini kwa saa, gari shwari. Sabini na tano, shwari.

Themanini...

Gari likaanza kutetemeka.

Draku alikuwa fundi kule Oli, mjini Arua, na maradhi ya magari aliyajua kwa mikono. Usukani ukitetemeka, shida iko mbele. Huu ulikuwa umetulia. Mtetemo ulipanda kwa kiti chake, ukitoka nyuma. Akaondoa gia, akaliacha gari liserereke. Bado. Basi si injini. Shafti ya nyuma haikuwapo, gari lile lilivutwa na magurudumu ya mbele. Lilibaki gurudumu lenyewe. La nyuma, kushoto.

Akashuka sabini, pakatulia. Lakini kwa sabini wasingewahi.

Alisimamisha gari, akapiga jeki, akafunga tairi la akiba. Mikono ilimtoka jasho hata spana ikateleza mara mbili. Wakaondoka. Themanini... na mtetemo ukarudi. Pale pale.

Nyuma yake mtoto alihema kwa vipande vifupi.

Saa moja na robo alisimama tena. Giza lilikuwa limefunga. Alimwita Concy amshikie tochi. Akazungusha gurudumu kwa mkono, akatega sikio. Beringi ilizunguka kimya kama mafuta. Akalitikisa, halikucheza. Alichuchumaa pale, karibu kulia. Mbinu yake siku zote ilikuwa moja: ondoa kitu, jaribu, ondoa kingine. Kwenye kona ile alikuwa ameondoa kila kitu.

Kila kitu, isipokuwa mtu.

Aliona aibu kwa wazo hilo. Hata hivyo akanong'ona, "Mwambie mama yako mudogo ahamie mbele."

Concy alimtazama. "Mama mudogo gani?"

"Yule. Wa kwenu."

"Wa kwetu?" Aligeuza tochi kuelekea gari. "Mimi nilimukuta kwa gari. Si iko shangazi yako? Si ulikuja naye?"

Upepo ulipita majanini, ukanyamaza.

"Concy," alisema Draku, "nani amebaki na mutoto?"

Walifungua mlango pamoja. Harufu ya nguo mbichi iliwapiga usoni, na mvua haikuwa imenyesha wiki mbili. Patience alikuwa amelazwa mzima mapajani mwa yule mzee. Draku akamtazama kwa mara ya kwanza. Uso wa kawaida, wa mama yeyote wa sokoni, wenye uchovu mwingi.

Injini ilikuwa imezimwa.

Magoti ya mzee yalikuwa yanatetemeka. Kwa kasi, bila kupumzika. Kiti kilitetemeka nayo.

"Mimi naogopa mbio, mwanangu," alisema kwa upole. "Katika hii barabara, naogopa sana mbio. Enda pole pole. Mutoto iko nalala."

"Nipe mutoto, mama," alisema Draku.

"Mukiniacha hapa, nani atamushika?"

Mzee hakumzuia mtoto. Alimtoa mtoto kwa mikono miwili, akakusanya sufuria na mkeka wake, akashuka mwenyewe. Draku alimwonea huruma, lakini hakungoja. Akabamiza mlango.

Themanini. Tisini. Mia. Gari liliteleza kama maji.

Draku hakuinua mguu kwenye pedali mpaka Arua.

Saa mbili kasoro dakika nne, muuguzi Filda alimpokea Patience mlangoni, akakimbia naye ndani. Baada ya muda usiopimika alirudi na daftari. Damu ilikuwa inaingia, alisema. Joto limeanza kushuka. Concy akaanguka kwenye benchi, akalia bila sauti.

Draku akainuka aende kwa mtoto. Filda akanyoosha mkono kumzuia. Ndani huruhusiwa mwangalizi mmoja tu, na wa kwao alikuwapo.

"Nani?"

"Yule mama mzee mwenye mkeka. Alifika kabla yenu kidogo. Mtoto ametulia tangu amshike mkono. Kabla ya hapo hata mshipa hatukuupata." Akafungua kalamu. "Sikuandika jina. Ni nani kwa mtoto?"

Kupitia kioo cha mlango Draku aliona chupa, na matone mekundu yakishuka moja moja. Chini ya chupa, mkono mdogo ndani ya mkono mkubwa. Mwenye mkono huo alikuwa nyuma ya pazia.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kuingia, akamtoa tena.

Concy alimshika shati. "Andika bibi yake," alimwambia Filda.

"Bibi wa upande gani?"

Walitazamana. Ndani, tone lilisita kwenye mrija.

"Wa kwangu," alisema Draku upesi.

Likaanguka.