Aliyeitwa Msituni

Fundi alipotoka kwenye miti alimkuta mdogo wake ameketi kwenye benchi karibu na daraja, anakunywa maji taratibu. Alisimama ghafla hata kifundo cha mguu kikamuuma, kwa sababu muda si mrefu uliopita mdogo wake huyo alikuwa nyuma yake msituni, anahema.

Niseme kwanza jinsi kikundi chao kilivyokimbia, usije ukamwona dada huyu, Fundi, mjinga. Kilikuwa kikundi cha jogingi cha watu tisa, wengi wao wenye vitambi na nia njema. Kila asubuhi ya Jumamosi walianzia geti la bustani, wakafuata ukingo wa mto, wakaingia kwenye msitu mdogo, wakatokea darajani. Kocha wao, mwalimu mstaafu wa michezo, alikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: anayechoka hatazamwi. Karani mmoja mnene aliwahi kuacha mazoezi kwa sababu kila alipohema watu waligeuka kumwonea huruma, na Kocha akaapa kwamba hilo halitatokea tena. Tangu hapo aliyebaki nyuma aliachiwa heshima yake. Wa mbele yake alimwita tu, bila kugeuza shingo: njoo, twende nyumbani.

Mdogo wake Fundi, mwalimu wa chekechea, alikuwa na kifua dhaifu tangu utotoni; safari hii alikuwa ameugua miezi minne, na ndiyo kwanza daktari alikuwa amemruhusu kukimbia polepole. Fundi alimlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na saba na mdogo mtu mitano. Hakuolewa, hakuhama, alishona nguo za watu ili mtoto asome. Kila yule alipokohoa, roho ilimruka.

Sasa asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Fundi aliingia msituni akiamini mdogo wake yuko nyuma, na kweli akasikia pumzi nzito, zinakwamakwama. Akaita, "Njoo, mdogo wangu, twende nyumbani." Aliita mara tatu. Mara ya tatu pumzi zilimfikia shingoni, za baridi, zikinuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Na Fundi, masikini, akafurahi, akidhani mgonjwa wake amepata nguvu.

Pale kwenye benchi mdogo wake alimweleza kwamba hakuingia msituni kabisa. Alichoka mapema, Kocha akampitisha njia ya mkato kwenye bembea za watoto. Fundi alicheka kidogo, akasema ukungu unachezea watu masikio. Hakugeuka kutazama miti.

Walikaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na ukumbi mwembamba wenye cherehani dirishani. Jumatatu mchana Fundi alikuwa anashona pazia, akasimamisha cherehani kukata uzi, na kwenye ule ukimya akasikia mtu anahema mlangoni. Alifungua mlango. Hakukuwa na mtu, ila ngazi zilinuka maji ya maua.

Jumatano pumzi zilikuwa ndani, kwenye korido. Mdogo wake alianza kukohoa tena, akashindwa kwenda kazini, akashindwa kupanda kitanda bila kushikwa. Hospitali walimpiga picha, wakasema kifua ni safi, wakampa dawa za kutuliza. Lakini Fundi alikuwa akisikiliza, na akatambua kwamba kadiri pumzi za mdogo wake zilivyokuwa fupi, zile za korido zilizidi kuwa ndefu na laini, kama za mtu anayepata nafuu.

Jumamosi, badala ya kwenda mbio, alikwenda kwa mganga, mama mmoja mwembamba aliyevaa miwani na kuuliza maswali kama karani wa mapokezi. Hasa alitaka kujua jambo moja: nani alikiita kitu hicho. Fundi alipomweleza sharti la Kocha, yule mama aliweka kalamu chini.

"Jini wa mtoni haingii nyumbani kwa mtu hivihivi," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe umemwita mara tatu. Umemwita 'mdogo wangu', na nyumba ukampa. Sasa anachukua nafasi ya huyo mwenyewe."

Alimpa kitambaa alichokisomea dua, amfunge mgonjwa kifuani, na akamwagiza kwamba kesho yake, saa ileile, akimbie njia ileile peke yake. Kitu kile kingemfuata, kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wake. Akifika msituni asiite, asiitike, asigeuke mpaka avuke daraja, nacho kingebaki huko.

Alfajiri Fundi alimfunga mdogo wake kitambaa, akamfungia mlango, akashuka. Pumzi zilishuka naye ngazi kwa ngazi. Kwenye ukingo wa mto zilimfuata hatua kumi nyuma, na mto ulikuwa umejaa, na hakukuwa na mkimbiaji mwingine. Aliingia msituni akiwa amekaza meno, na mara sauti ikasema, karibu kabisa, "Dada, nisubiri," akaendelea kukimbia, ikasema, "Dada, nimeshindwa," akaendelea, machozi yanamtoka na kamasi zinamtoka na miguu haisikii tena ardhi, akijiambia kwamba mlango ameufunga mwenyewe, ufunguo uko mfukoni, hawezi kuwa yeye, hawezi, mpaka aliposikia kishindo cha mtu aliyeanguka na kikohozi kile, kikohozi alichoamkia miaka yote tangu mtoto akiwa na miaka mitano, na kabla hajaamua lolote shingo ilikuwa imeshageuka.

Mdogo wake alikuwa amelala njiani kifudifudi, peku, na gauni lake la kulalia. Daraja lilikuwa linaonekana. Fundi alirudi. Alijua alichoambiwa, na alirudi hivyohivyo, kwa sababu kama ni yeye kweli, asingeweza kuishi na kumwacha. Alimbeba mgongoni kama zamani, akavuka naye daraja. Mwanzoni alikuwa mwepesi. Kwenye geti la bustani alikuwa mzito kama mtu mzima, na kwenye ngazi Fundi alipanda kwa magoti, na pumzi zilizomgusa sikio hazikukwama tena hata kidogo.

Aligonga kwa kichwa, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imeshikilia mzigo mgongoni. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani, kwa ufunguo wa akiba.

Mdogo wake alisimama kizingitini, kitambaa kifuani, mashavu yamenawiri, anapumua vizuri kuliko alivyopumua mwaka mzima. Alimtazama dada yake, kisha akatazama juu ya bega lake, na rangi ikamtoka.

"Dada," alinong'ona, "umembeba nani?"

Fundi hakugeuka safari hii. Alimtazama mdogo wake muda mrefu, kifua kile kinavyopanda na kushuka bila shida, na uso wake ukatulia.

"Funga mlango," alisema. "Mimi namrudisha. Na hata ukisikia sauti yangu, usiniite; ukiita, atakuja yeye."

Akaanza kushuka. Mdogo wake alifunga mlango, akakaa chini nyuma yake na kujiziba mdomo kwa mikono miwili, akisikiliza hatua za mtu mmoja na pumzi za watu wawili zikishuka ngazi, mpaka asisikie tena.