Taa Nyekundu ya Gari la Zahanati

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya stesheni ya Voi, Wakesho huwa ameshafagia gereji ya baba yake. Huanzia ndani akaja mlangoni, hunyunyiza maji kidogo ili vumbi jekundu lisipae, kisha huketi juu ya tairi kuukuu na kuchambua nati. Ndogo zilikaa katika kopo la samli, kubwa katika kopo la maziwa, na zilizoliwa meno katika ndoo iliyotoboka. Mwaka huo wa 1986 alikuwa darasa la sita, na alijua majina ya spana kuliko wavulana wengi wa darasa lake.

Jumamosi moja ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha juma zima, gari la zahanati ya mlimani liliingia limepakwa tope hadi madirishani. Dereva wake, Kituku, akateremka akijinyoosha mgongo.

"Hodi, fundi mdogo. Chai ipo?"

"Ipo, Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Weka sukari, usiniwekee ahadi ya sukari."

Wakesho akacheka, akakimbilia birika. Kituku hakuwa ndugu yao. Alitoka upande wa Ukambani, lakini tangu Wakesho akiwa mdogo alimwita Mjomba. Yeye ndiye aliyemfundisha kupiga mluzi, na ndiye aliyemletea kalamu ya wino alipokuwa wa kwanza darasani. Kikombe cha bati chenye ua la buluu kilikuwa chake. Hakuna mteja mwingine aliyekinywea.

Kituku alieleza shida. Juzi, kwenye kona ya chini ya Bura, gari lilikwama na mama mjamzito ndani. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka bure kwenye utelezi, mengine matatu yakatulia kama yamelala. Watu ishirini walilisukuma. "Mama yule angejifungulia kwenye matope," alisema. "Sasa hivi tunaambiwa mvua ndiyo kwanza inaanza."

Baba yake Wakesho, Fundi Hudson Mwandawiro, aliingia chini ya gari na tochi. Alipotoka alikuwa akitabasamu.

"Gari hili lina dawa yake tumboni, ila limenyimwa mkono wa kuinywea. Difu ya katikati inaweza kufungwa. Waliokuwa nalo kabla zahanati haijalinunua mnadani waling'oa wenzo wake, ule mkono wa kuifungia."

"Difu ya katikati ni nini, Baba?" Wakesho aliuliza.

"Umekimbia mbio za miguu mitatu shuleni, wewe na mwenzako mmefungwa kitambaa mguuni?"

"Nimekimbia. Tulianguka kwenye kona."

"Basi. Difu inaacha magurudumu ya mbele na ya nyuma yatembee kila moja kwa mwendo wake, ili gari lipinde kona. Ukiifunga, yanatembea pamoja. Kwenye tope hiyo ni nguvu, linaloteleza linavutwa na mwenzake. Lakini kwenye lami kavu yanavutana mpaka kitu kinavunjika."

Walifanya kazi siku mbili. Fundi Hudson alitafuta ufito wa chuma katika vyuma chakavu vya mashine ya katani, akaupinda motoni, akatoboa sakafu ya gari na kuusimamisha wenzo mpya karibu na gia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimpa Wakesho koleo, waya na taa ndogo yenye kioo chekundu.

"Taa hii nakuachia wewe. Waya mmoja unatoka kwenye kiswichi cha difu. Difu ikifungwa, taa iwake."

Wakesho alimenya waya, akausokota, akaufunga utepe mara tatu, akauvuta kuona kama utachomoka. Haukuchomoka. Fundi Hudson alipoifunga difu, taa iliwaka nyekundu mbele ya usukani, nzuri kama punje ya komamanga.

"Sikiliza, Kituku," alisema fundi. "Ukitoka kwenye tope, rudisha wenzo. Lakini wakati mwingine wenzo unarudi na difu inabaki imeng'ang'ania. Kwa hiyo usiamini wenzo, amini taa. Ikibaki inawaka, rudi nyuma hatua chache, itaachia."

"Nimesikia. Nitaiamini taa ya fundi mdogo," alisema Kituku, akamgusa Wakesho kichwani.

Majuma mawili baadaye gari lilirudi likivutwa na lori la mawe. Fundi Hudson alikuwa ametoka kwenda stesheni. Wakesho alikuwa peke yake, na Kituku alimwendea haraka hata kabla ya kuomba maji.

"Fundi mdogo, nimekwisha. Nilikwenda Mombasa kuchukua chanjo ya surua. Karibu na Maungu, nikirudi, likalia kwaa chini yake, kama chuma kinachovunjika, likasimama. Barafu imeyeyuka, chanjo zote zimeharibika. Akina mama wamengoja kutwa na watoto mgongoni, wamerudi bure."

"Kwani lilikuwa limefungwa difu, Mjomba?"

Kituku alitazama pembeni. "Taa haikuwaka. Wenzo nilirudisha, taa kimya, nikajua imeachia. Pengine hukukaza waya. Sikulaumu, wewe ni mtoto. Lakini nikisema mimi kwamba taa haikuwaka, hawataniamini, watanifukuza. Ukisema wewe, utasamehewa. Niokoe, mwanangu."

Wakesho alijaribu kukumbuka utepe, mara tatu au mara mbili? Kadiri alivyofikiri ndivyo mikono yake ilivyoonekana kuwa na makosa. Isitoshe, huyu alikuwa Mjomba.

Fundi Hudson aliporudi aliongozana na Sista Tryphena, muuguzi mkuu wa zahanati. Wakesho alisimama mbele yao akasema, "Ni mimi, Baba. Sikukaza waya wa taa."

Sista Tryphena alishusha pumzi. "Fundi Hudson, ulimwachia mtoto kazi ya gari la wagonjwa? Alhamisi kamati ya zahanati inakaa. Sijui nitawaambia nini. Wengine wameshaanza kusema gari lipelekwe kwa fundi mwingine."

Baba hakugomba. Heri angegomba. Alinyoosha mkono, akachukua koleo mkononi mwa Wakesho, akalitundika kwenye msumari wa juu ambao Wakesho hakuufikia. "Nenda ukamsaidie mama yako nyumbani," alisema.

Jumatano gari lilikuwa bado limesimama pale, likingoja gia kutoka Mombasa. Wakesho alitumwa kumletea baba chakula, akamkuta amekwenda kunawa. Hakukusudia kuingia ndani ya gari. Alitaka tu kuliona kosa lake kwa macho, alijue lilivyo. Aliinama chini ya dashibodi, akaupata ule waya. Utepe ulikuwa palepale, mizunguko mitatu. Aliuvuta. Haukuchomoka.

Ufunguo ulikuwa mahali pake. Aliuzungusha kidogo, na taa ikawaka. Wenzo ulikuwa umerudishwa, wala yeye hakuugusa. Difu ilikuwa bado imefungwa tangu siku ile, na taa bado ilikuwa ikisema hivyo.

Lakini haikung'aa kama mwanzo. Alisogeza uso. Juu ya kioo kulikuwa na alama ya mraba, vumbi jekundu limeganda juu ya kitu cha kunata. Aligusa, kidole kikashikwa kidogo. Alama kama hiyo aliijua vizuri. Ndiyo iliyobaki gotini mwake alipobandua plasta aliyofungwa na Sista mwaka uliopita. Alifungua kisanduku cha majivu ya sigara. Humo, imeviringwa kama kidonge, mlikuwa na plasta nyeupe.

Wakesho alikaa kwenye kiti cha dereva bila kujua amekaa muda gani. Hakulia. Alihisi kama mtu aliyeshika ukuta gizani, ukuta ukasogea.

Alhamisi Kituku alikuja mapema, kabla ya Sista. Wakesho alimfuata nyuma ya gereji, penye pipa la maji.

"Mjomba, taa ilikuwa inawaka. Uliifunika plasta."

Kituku alitazama huku na huku, kisha akacheka kidogo. "Wewe umeshakiri mbele ya watu. Leo ukigeuza neno, nani atakuamini? Nyamaza, litapita."

Hayo ndiyo maneno yaliyomuuma kuliko yote. Siku ile Kituku alipomwomba amwokoe, alikuwa anajua kwamba taa iliwaka.

Wakesho alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, aliyekuwa akizungumza na Sista Tryphena.

"Baba, nilisema uongo. Waya niliukaza. Nilisema sikuukaza kwa sababu Mjomba Kituku aliniomba. Tafadhali njoo utazame taa."

Fundi Hudson akaenda, akazungusha ufunguo, akainama. Sista naye akainama, akapapasa kioo, akanusa kidole chake. Wakesho akamwonyesha kisanduku cha majivu.

"Hii ni plasta ya chumba changu cha vidonda," alisema Sista polepole. "Kituku, niliulizia plasta hii, ukaniambia pengine imeliwa na panya."

Kituku alivua kofia. "Wakati wa kwenda Mombasa nilitoka kwenye tope la Bura, nikapanda lami. Taa ikabaki inawaka. Pale njia panda palikuwa na madereva wenzangu wamekaa. Miaka ishirini naendesha, nirudi nyuma barabarani kwa ajili ya kitaa? Watanicheka. Nikakifunika, nikaenda, nikabandua plasta gari liliposimama."

"Na watoto wangapi hawajachanjwa kwa sababu ya kicheko hicho?" Sista aliuliza.

Jioni hiyo kamati iliamua gari libaki kwa Fundi Hudson. Kituku aliondolewa kwenye usukani, akapewa kazi ya bohari mpaka watakapomwamini tena. Gia ilipofika, gari likatengenezwa, na chanjo nyingine zikafika mlimani salama.

Fundi Hudson aliteremsha koleo kutoka msumari wa juu, akampa Wakesho pamoja na kitambaa chenye mafuta ya taa. "Safisha kioo chako," alisema, akaketi kando yake akimtazama akisugua.

"Umekasirika, Baba?"

"Nilikasirika. Mama, taa hii haikukosa hata siku moja. Ilisema kweli ikafunikwa. Lakini na wewe ulijibandika plasta mwenyewe ulipokubali kosa lisilo lako. Uliona unamsaidia mtu unayempenda, kumbe uliusaidia uongo wake. Gari lingetengenezwa, na siku nyingine angefunika taa tena, akiwa na mama mjamzito ndani. Anayekupenda kweli hatakuomba useme uongo kwa ajili yake. Na kosa lako, likiwa lako, liseme wazi. Lisilo lako, usilibebe."

Siku chache baadaye Kituku alipita gerejini kuomba radhi. Aliongea akiangalia chini, na Wakesho alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," alisema. Kisha akaenda kumtilia chai, akaitia sukari ya kutosha. Kikombe chenye ua la buluu kilikuwa kimetundikwa palepale, lakini alichukua kile cheupe cha wateja.

"Karibu chai, Bwana Kituku," alisema, akarudi kuchambua nati zake.