Kijaluba cha Bi Kelsom

Mayai yalikuwa mepesi. Maznah aliligundua hilo Jumatatu asubuhi, aliponyanyua trei ya mayai thelathini ili awakaangie wageni, nayo ikapanda juu kama ungo mtupu. Akagonga yai la kwanza kwenye ukingo wa kikaango. Ganda likapasuka, ndani hamna kitu, si ute wala kiini. La pili vivyo hivyo. Katika la kumi na moja alikuta unywele mmoja mrefu, mweupe, umejiviringisha, na ganda lenyewe halikuwa na tundu hata la kupitisha sindano.

"Astaghfirullah," akasema, akaufuta mkono kwenye saruni aliyojifunga.

Bintiye Izzati, msichana wa miaka kumi na saba, alisimama mlangoni na ndoo ya maji. "Mama," alinong'ona, "Bibi ananuka mayai mabichi mdomoni. Na ameniita tena."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya wageni, vitanda kumi, kando ya mto Tembeling huko Pahang, pale ambapo watalii wabeba mabegi hulala usiku mmoja kabla ya kupanda boti kuingia msituni. Watu hao, jamani! Mtu katoka kwao kwa ndege, kavuka nchi nne, halafu anakuja kubishania ringgiti mbili za shuka. Soksi zao wanafulia kwenye sinki la vyombo, na ruba waliojaa damu wanawabandulia hapohapo sebuleni huku wanacheka. Maznah aliwavumilia miaka kumi na mbili. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba alikuwa mwepesi wa kinyaa.

Lakini chumba cha uani kilimshinda. Humo alilala mama yake, Bi Kelsom, mwezi wa saba sasa, na kwa siku arobaini hakuwa amemeza hata kijiko cha uji. Mgonjwa wa namna hiyo hukonda, ila yeye alinenepa. Mashavu yalimjaa yakang'aa mafuta, ilhali mgongoni vidonda vya kulalia vilikuwa vimefunguka upana wa sahani, na funza wakitambaa ndani yake, weupe, wameshiba. Maznah aliwatoa mmojammoja kwa kibanio kila asubuhi, akipumulia mdomo, na kila asubuhi mama yake alicheka kama mtu anayetekenywa. Ukweli usemwe: alimwonea kinyaa mzazi wake, na kwa hilo alijionea kinyaa mwenyewe.

"Mlete mtoto," Bi Kelsom alisema siku hiyo. Kiganjani alishika kijaluba chake cha tambuu, kikopo kidogo cha shaba alichorithi kwa bibi yake. "Wewe umekataa. Yeye ana moyo laini."

"Izzati ana mtihani, Mama."

"Simpi mtihani. Nampa kijaluba." Akatabasamu, na utelezi wa njano ukamtoka pembeni mwa mdomo.

Mara mbili Maznah alikuwa amekitupa mtoni kijaluba hicho. Mara mbili alikikuta chini ya mto wa mama yake, kimelowa tope.

Alasiri akamwita Mzee Deris, mganga. Mzee aliingia na chetezo chake cha ubani, hakukaa humo hata dakika tano, akatoka anatema mate. Alinawa mikono kwa limau mara tatu ndipo akasema, kwa sauti ya chini:

"Maznah, yule si mama yako. Mama yako amekufa tangu Shaabani. Mle ndani kuna jini, limemvaa kama saruni."

Maznah akakaa kwenye kizingiti. "Lifukuze basi. Si ndiyo kazi yako?"

"Jini la kuokota njiani nalifukuza. Hili ni la kurithi, wazee wenu walilifuga liwalindie mashamba. La kurithi halifukuzwi, hukabidhiwa. Mtu akipokee kijaluba kwa mkono wake, kwa ridhaa yake, na atamke kwamba amepokea. Likikosa mtu mpaka Ijumaa, litajichagulia lenyewe. Na limeshachagua."

Wote wawili waligeuka kumtazama Izzati jikoni, anasuuza vikombe na kuimba kwa sauti ya chini.

"Nikipokea mimi?"

Mzee Deris alionyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha uani, ambako inzi walikuwa wanaingia na kutoka kana kwamba wana shughuli.

Maznah aliwaza funza wale mgongoni mwake mwenyewe. "Siwezi. Wallahi siwezi. Bora nife."

"Hufi, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe."

Maznah akauliza bila kumtazama usoni: "Lazima awe wa damu yetu?"

"Atakayepokea atakuwa damu yenu," mzee akasema. "Kwa hiyo fikiri vizuri kabla hujafungua mdomo."

Alifikiri, lakini hakuyafikiria maneno hayo. Alifikiria rafu ya sebuleni.

Kila nyumba ya wabeba mabegi ina rafu hiyo. Mtu anaacha asichokihitaji, mwingine anachukua anachokitaka: shampuu ya nusu chupa, ndala zilizokatika, vitabu vilivyokosa jalada. Hakuna anayeuliza mwenyewe nani. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, na siku hiyo Maznah aliushika msemo huo kwa mikono miwili.

Jumatano, saa sita mchana, aliingia chumba cha uani akasema, "Nimempata mtu, Mama." Kile kiumbe kikamwangalia kwa muda mrefu, kisha kikafungua vidole. Alikibeba kijaluba kwa kitambaa, asikiguse, wala asitamke neno lolote, akakiweka kwenye rafu kati ya ndala na shampuu.

Kijana aliyekikuta aliitwa Tomasz, Mpolandi mrefu, mwembamba kama mti wa bendera. Alikuwa ameomba apunguziwe bei ya kitanda mara tatu na mara ya nne akaomba supu, lakini alikuwa na adabu, hilo hakuna wa kumnyima. Alikigeuzageuza kijaluba.

"Mama Maz, hii nayo bure?"

"Bure."

"Mbona nzuri hivi? Mnaitupa?"

"Ya mzee mmoja. Hana haja nayo tena." Maznah alizipanga ndala upya. "Ukichukua, sema umepokea. Ndiyo desturi yetu."

Tomasz aliweka mkono kifuani, kama alivyowaona wenyeji wakifanya. "Nimepokea, Mama Maz. Mama yangu anapenda vikopo kama hivi. Atafurahi huyo!"

Chumba cha uani kikatoa sauti, pumzi ndefu kama ya godoro linalokaliwa na mtu mnene, kisha harufu ikatoka. Tomasz aliziba pua akauliza kama choo kimefurika. Maznah alimwambia ndiyo, choo, na boti inaondoka sasa hivi, kimbia.

Waliokuja kumwosha marehemu Bi Kelsom walikuwa majirani wawili. Mmoja alishika mkono wa maiti ili aunyanyue, na ngozi ikamvuka yote hadi kwenye kiwiko, ikabaki kiganjani mwake, laini, imelowa. Alitoka mbio anatapika. Wa pili alivumilia mpaka tumbo lilipobonyezwa, likamwaga ute mzito na viini vilivyooza, ndoo kwa ndoo, miezi na miezi ya mayai. Naye akatoka. Maznah alimaliza peke yake na karafuu mdomoni, machozi na kamasi vinamtiririka, akiosha kilichoweza kuoshwa. Imamu alipouliza amefariki lini, alijibu leo mchana. Imamu alijifunika pua kwa kilemba, hakuuliza la pili.

Siku tatu nyumba ilikuwa na amani. Izzati alilala bila kuitwa. Maznah alisugua chumba cha uani kwa dawa, akatandika shuka mpya, akajiambia kwamba Tomasz ni kijana, ana nguvu, kwao ni mbali, huenda jini likashindwa na baridi ya huko. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Siku ya nne, jua la utosi, mwenye boti aitwaye Sudin alisimama getini akakataa kuingia.

"Kak Maznah, dada yangu, mgeni wako nimemrudisha. Sitaki hata pesa yake."

"Amefanya nini?"

"Tumelala mahemani siku tatu, hajafumba jicho. Anakula vyura, mzima mzima, miguu inacheza huku nje ya mdomo. Na ruba, dada. Ruba walikuwa wanamng'ata halafu wanaanguka chini wamekufa."

Tomasz alipita katikati yao bila salamu. Alikuwa amenenepa. Mashavu yalimng'aa mafuta, na shati lilimbana mgongoni, limeshikana na majimaji. Hakwenda kwenye kitanda chake cha wageni. Alivuka sebule, jikoni, ua, kama mtu anayekwenda chumbani kwake, na Maznah alipomfuata alimkuta ameshajilaza pale alipolala Bi Kelsom, ameegemea mto, kijaluba kifuani, inzi wameshafika.

"Maznah," akasema, na sauti haikuwa yake, ilikuwa ile ya kukwaruza ya mwanamke mzee wa Pahang. "Nani kabadilisha shuka zangu?"

Hapo maneno ya Mzee Deris yalimrudia yote kwa pamoja, kwamba atakayepokea atakuwa damu yenu, na akaelewa alichokifanya, kwamba hakumtoa mama yake nje bali amemwingiza upya, mama mwenye umri wa miaka ishirini na minne, atakayelala kitanda hicho miaka hamsini akioza mgongo na kunenepa mashavu, na atakapotaka kinywa cha kumtafunia tambuu na mkono wa kurithi, wa kuitwa ni yuleyule, mjukuu, aliye sasa hivi ukumbini anakunja nguo na kuuliza, Mama, mbona harufu imerudi?

"Usije huku!" Maznah alipiga kelele.

"Aje," sauti ikasema. "Mjukuu wangu aje."

Mdomo ulikuwa unacheka, lakini macho yalikuwa yanalia. Machozi yalishuka kwa Tomasz mpaka masikioni, na katikati ya kicheko ikapenya sauti nyingine, ndogo, ya kijana aliye mbali na kwao. "Mama Maz. Wananitembea mgongoni. Watoe. Tafadhali watoe."

Nyayo za Izzati zikasikika uani.

Maznah alinyoosha mkono wake mtupu, bila kitambaa. Akakishika kijaluba kifuani mwa Tomasz.

"Nimepokea," akasema.

Shaba ilikuwa ya moto, na yenye unyevu, kama ulimi.

Tomasz alitapika mpaka Magharibi. Miguu ya vyura, nywele nyeupe, ute usiokuwa na mwisho. Asubuhi alikuwa mwembamba tena, hakumbuki kitu, akasema labda ni supu ile. Akaomba apunguziwe kidogo kwa usumbufu. Maznah alimrudishia pesa yote, akamwambia ampigie mama yake simu.

Siku hiyohiyo alimpeleka Izzati kituo cha basi, ili aende akaishi kwa shangazi yake huko Temerloh, asirudi hata kwa sikukuu, hata akiitwa, hata akiambiwa mama yake anakufa.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujakosea. Nenda usome."

Kwenye benchi la pembeni muuza kuku alikuwa ameweka beseni la utumbo juani, na wasafiri wote walijisogeza mbali wameziba pua. Maznah hakusogea. Harufu ilikuwa nzuri. Mate yalimjaa mdomoni kwa wingi hadi akalazimika kuyameza mara mbili, na hakuna kilichowahi kumtia kinyaa maishani, wala funza wala ngozi ya mama yake, kama utamu wa harufu ile.

Basi likapiga honi. Izzati aliinama kama alivyolelewa, akanyoosha mikono yote miwili aupokee mkono wa mama yake, aubusu, aagwe.

Maznah aliificha mikono nyuma ya mgongo.

"Panda basi," akasema.

"Mkono wako tu, Mama."

"Panda basi, Izzati!"

Mtoto akapanda analia. Nyuma ya mgongo, vidole vya Maznah vilivyokifumbata kijaluba vilikuwa vinajifungua vyenyewe, kimoja baada ya kingine.