Jicho la Kushoto la Anyitike

Anyitike, rafiki yangu wa Busale, alinisimulia haya kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia.

Alikuwa akikata kokoa za juu kwa upondo wenye kisu. Tunda likamwangukia kwenye jicho la kushoto. Hospitali wakamwambia retina imechanika, jicho hilo ndiyo basi.

Jioni aliyorudi nyumbani, mkewe, Kisa, alimziba lile jicho zima la kulia kwa kiganja.

"Unaona nini, Baba Godwin?"

"Giza tupu. Na wewe, umesimama shambani unatazama juu."

"Mimi si niko hapa?"

Kiganja chake kilikuwa bado usoni pa mumewe. Wote wawili wakasikia tunda likidondoka kule shambani, pu! Kisha, kutoka hukohuko, sauti ya Kisa ikalia, "Jicho langu!"