Skafu ya Rafu ya Nne

Baba aliwahesabu watu wake mara tatu kabla treni haijafunga milango, na mara zote tatu wakatimia saba. Basi usimlaumu mzee wa watu. Alikuwa ametunza stoo miaka thelathini na miwili bila kupoteza hata msumari. Angejuaje kwamba yule wa saba ni Mama yuleyule, akimtazama kutoka kwenye kioo cha mlango?

Kilichomponza ni skafu. Binti yake, ambaye wote kwao humwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake, aliwashonea wote skafu za kitambaa kimoja, njano ya kiini cha yai, wasije wakapoteana kwenye jiji la ugenini. Kaka yake Fundi ndiye aliyewakatia Fundi, wazazi na Shangazi tiketi, waje wale Krismasi nyumbani kwake, na baridi ya jiji hilo ilikuwa ya kukugandisha neno mdomoni, ulimalize ukifika ndani. Baba akaacha kabisa kuhesabu nyuso. Akawa anahesabu njano.

Vituo viwili mbele, mjukuu, binti wa Kaka, akauliza, "Babu, mbona leo hakuna anayekubishia?"

Wote wakatazamana. Shangazi hayupo.

Fundi akateremka mbio kurudi stesheni. Huko kulikuwa kumejaa watu na mizigo ya sikukuu hivi kwamba ukitaka kujikuna, unamkuna mwenzio. Mlinzi akamwelekeza kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea, na huko nyuma ya kaunta, katikati ya miavuli mia mbili na gitaa moja lisilo na nyuzi, Shangazi alikuwa ameketi na kikombe cha chai, skafu shingoni, akimpangia kazi karani wa ofisi.

Karani alikuwa mrefu, sweta la buluu, kiwiko kimeshonwa vibaya. Alipomwona Fundi akasahau alichokuwa anaandika.

"Karibu, dada. Umepoteza nini?"

"Hee! Kumbe unaongea kama sisi?"

"Nilikuja huku kusoma, kazi ikanishika. Umepoteza nini?"

"Huyo hapo nyuma yako."

"Taratibu. Hapa kitu hakitoki mpaka mwenyewe akieleze. Rangi?"

"Njano, shingoni."

"Ukubwa?"

"Nikiutaja, hataniongelesha mpaka mwakani."

"Alama ya pekee?"

"Mdomo."

"Nimekusikia!" Shangazi akasema.

"Inalingana," akasema Karani, akisukuma kitabu. "Weka sahihi."

Fundi akaweka sahihi, lakini macho yake yalikuwa kwenye kiwiko. "Nani kakushonea hicho?"

"Mimi mwenyewe."

"Pole. Kama kimeshonwa na mtu anayekimbizwa."

Kesho yake Fundi akapoteza glovu ya kushoto. Keshokutwa, ya kulia. Siku ya tatu mwavuli, siku ya nne hakuwa na cha kupoteza, ikabidi apoteze njia. Kila njia aliyoipotea iliishia kwenye kaunta ile ile. Siku hiyo Karani akavua sweta, Fundi akatoa sindano, kiwiko kikashonwa upya hapohapo, na watu wenye kutafuta mizigo yao wakasubiri.

Asubuhi iliyofuata simu ya Fundi ililia mapema. Karani.

"Leo umepoteza nini, mpenzi?"

"Usingizi."

"Huo hatujaletewa. Nikiuona nitakupigia."

"Na ukiuona usiuandike namba. Ulete mwenyewe."

Karani akacheka. Fundi akacheka pia, ila moyoni alikuwa anahesabu kama baba yake. Tarehe ishirini na nane wanarudi nyumbani. Mapenzi ya kaunta hayavuki mpaka. Kama mwanamume huyu ana nia, aje akae mezani na Baba na Mama, aonekane. Kama hana, bora yeye Fundi ajue mapema, alie huku huku ambako hakuna majirani.

Mkesha wa Krismasi alitafuta mabaki ya kile kitambaa, hakupata hata utepe. Basi akavua skafu yake, akaikata katikati, akapinda kingo zote mbili kwa mkono. Nusu moja akaivaa. Nusu ya pili akaitia kwenye bahasha ya kahawia pamoja na karatasi: anwani ya nyumba, ghorofa ya tisa, na maneno, "Njoo kesho saa saba mchana tule wote. Baba atataka kukuhesabu." Akaifunga kwa uzi wa njano, akaenda stesheni. Karani alikuwa ndani anatafuta kiti cha mtoto cha mtu fulani. Fundi akaona aibu kusubiri. Akaiweka bahasha juu ya kaunta, akatoka kama mwizi. Jina hakuandika. Angeandika la nini? Nani mwingine anakaa pale?

Krismasi ikafika. Meza ilipangwa viti vinane. Mama, gauni lake jeupe likiwa limepigwa pasi mpaka linang'aa, aliinamisha kichwa. "Mungu, miaka sita sikuwaona wanangu wote mezani pamoja. Leo nawaona. Kwa hili peke yake, asante." Wakaitikia, Wifi, mke wa Kaka, akapangusa macho kwa kona ya leso.

Saa saba. Saa nane. Saa tisa Wifi akaweka koti juu ya kile kiti cha nane, kisionekane kimekosa mtu.

"Mbona skafu yako imepungua?" Baba akamtania Fundi. "Sasa tuko sita na nusu!"

Wote wakacheka. Fundi naye akacheka, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Simu yake ikalia: Karani. Akaigeuza kifudifudi. Ikalia mara kumi na moja siku ile, na kesho yake, na keshokutwa. Mtu aliyeshindwa kupanda lifti, anataka kuongea nini?

Tarehe ishirini na nane asubuhi, Fundi akiwa anafunga mabegi, simu ikalia tena. Shangazi, aliyekuwa ameshasimuliwa yote, akaidaka.

"Wewe kijana! Umemfanya mwanangu asile. Kwa nini hukuja?"

"Shikamoo, Shangazi. Kuja wapi?"

"Marahaba. Kwani barua hukusoma?"

"Barua gani?"

"Ndani ya bahasha! Ya kahawia, ina uzi wa njano."

Upande wa pili zikasikika kurasa za kitabu zikifunuliwa.

"Shangazi," sauti ikarudi imenywea, "hiyo nimeiandika namba 2216. Iko rafu ya nne. Nilidhani kuna mtu kaisahau."

"Hukuifungua?"

"Haifunguliwi mpaka mwenyewe aeleze kilichomo."

Jamani! Duniani kuna watu waaminifu, halafu kuna huyu.

"Basi andika," Shangazi akasema, "mimi naeleza. Ndani kuna nusu ya skafu. Nusu nyingine iko kwa mwenyewe, na tangu siku ile shingo yake inapigwa na baridi kwa ajili yako. Inalingana?"

Uzi ukasikika ukikatwa.

"Inalingana."

"Treni yetu ya uwanja wa ndege ni saa sita. Baba yake akishahesabu, hangoji mtu."

Saa sita kasoro dakika mbili, Fundi alikuwa mlangoni pa behewa akipitisha begi la mwisho alipoona kitu cha njano kinakuja kinaruka masanduku ya watu. Karani alikuwa amevaa nusu ya skafu, imefika shingoni kwa taabu, na kibandiko cha namba 2216 bado kinaning'inia kifuani.

"Umefuata nini?" Fundi akamuuliza. Sauti ilikuwa kali.

"Nimeleta kitu kilichopotea. Kilikuwa rafuni siku nne kwa ujinga wa karani. Mwenyewe akieleze."

Fundi alisoma ile namba, akaelewa yote, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Kirefu," akasema. "Kinafuata sheria mpaka kinakera. Kiwiko nilikishona mimi."

"Inalingana."

Akamvuta ndani, milango ikafungwa nyuma yao. Karani akamgeukia Baba, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee. Mwezi wa nne nina likizo. Nikija nyumbani na wazee wangu, mtatupokea?"

Baba alisimama katikati ya behewa, akanyoosha kidole, akaanza kama alivyoanza maisha yake yote. Mama, Kaka, Wifi, mjukuu, Shangazi, na yeye mwenyewe. Sita. Akafika kwa Fundi.

"Nusu." Akaweka mkono begani kwa Karani, akauacha hapo. "Na nusu. Saba. Tumetimia."

"Asante, Mungu," Mama akasema taratibu.

"Lakini Babu, tuko wanane!" mjukuu akapiga kelele, akamgeukia Shangazi amsahihishe mzee.

Shangazi alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya skafu. Akatazama dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu yeye na kaka yake wazaliwe, hakubisha.