Mstari Kalunde Alioutamka

Uvumi ule Kalunde hakuweza kuutoa kichwani: kwamba vita vya chumvi vilianzishwa na mdomo wa mwanamke. Hakuna aliyetaja jina. Yeye alijijua.

Zama hizo za misafara ya pembe na kaniki, watu wa Bulyanga na wa Mhambo walichota chumvi katika ziwa moja kwa zamu, mwezi huu hawa, mwezi ujao wale. Mpaka haukuwako. Siku moja, katika zamu ya Bulyanga, akapita Khatibu, mwandishi wa msafara kutoka pwani, aliyekuwa akichora njia na nchi kwenye karatasi.

"Mama, ziwa hili la nani?" akamwuliza Kalunde aliyekuwa akichota.

Jibu la kweli lilikuwa fupi: la zamu. Lakini mwezi uliopita, siku ya kupokezana zamu, Milembe wa Mhambo alimcheka mbele ya wenzao: "Chungu chako kinavuja kama pua ya mtoto, mwenzangu." Kinyongo kilikuwa hakijamtoka. Akasema, "Letu."

Khatibu akapiga mstari ng'ambo ya ziwa, ziwa zima likabaki upande wa Bulyanga, na nakala akamtunukia mtemi wa Bulyanga. Mtemi akaitundika barazani. Basi mwaka haukuisha, vijana wasiojua hata herufi moja wakawa wanajiita Watu wa Chumvi, wakiuliza Mhambo wanachota kwa ruhusa ya nani. Ngoma ya vita ikalia.

Mihayo mwanawe alikuwa amekwisha kufunga manyoya kichwani, gobore begani, Kalunde alipomshika mkono.

"Mwanangu, mstari ule niliusema mimi, kwa hasira zangu. Ziwa ni la wote."

Mihayo akatabasamu. "Mama, unaogopa nisife tu. Karatasi ya mtemi iseme uongo, wewe useme kweli?"

"Nisindikize kwa mtemi nikamwambie."

"Ili nichekwe?"

Peke yake hakwenda. Aliogopa.

Bulyanga wakashinda. Mihayo akarudi mzima, mkononi bangili ya shaba ya kijana aliyemuua. Kalunde aliijua. Ilikuwa ya mtoto wa pekee wa Milembe, ambaye Kalunde mwenyewe alimbeba mgongoni mara nyingi, mama yake akichemsha chumvi.

Ramani ilinakiliwa tena na tena. Wajukuu wakaimba kwamba ziwa lilikuwa lao tangu dunia kuumbwa, na Kalunde aliwasikia.

Nanyi wanangu mliosikia hadithi hii, jiepusheni na haya:

Kusema "letu" mkiwa na hasira na jirani.

Kumjibu mwenye kalamu jirani asipokuwapo.

Kufia mstari msiojua aliulizwa nani.

Kungoja wa kuwasindikiza ndipo mkaseme kweli.