Sauti Iliyonyooshwa

Jumamosi ile Soko la Mashariki lilifurika watu, na Thaddeus Gaines alikuwa amesimama mbele ya meza ya pai za viazi vitamu, simu mkononi, akimrekodi dada asiyemjua. Dada mwenyewe, ovaroli ya jinzi na kilemba cha njano, alikuwa akipanga pai huku akiimba, na kila neno lake lilikuja kwa kuchelewa kidogo, kwa raha zake.

"Wewe kaka, unanunua pai au unaniibia sauti?"

"Nachukua sampuli tu, dada yangu. Mimi ni mtengenezaji wa muziki."

"Detroit hii nani si mtengenezaji? Hata daktari wangu wa meno ana studio. Nunua pai."

Akanunua mbili. Kabla theluji haijaanguka, yeye na Odessa Pruitt walikuwa wapenzi, na Odessa alikuwa ameshaimba wimbo mzima kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Thaddeus, yeye kwenye maikrofoni, mwenzake kwenye kompyuta.

Sasa, Thaddeus alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kimepinda akakiacha. Kwenye ile programu ya muziki, mdundo umechorwa kwa mistari, na sauti inayochelewa inaonekana kabisa imesimama nje ya mstari wake. Odessa aliimba nje ya mistari mwanzo hadi mwisho. Basi siku tisa nzima Thaddeus alikata kila silabi akaisukuma mahali pake, akainua kila noti iliyolegea, akafuta pumzi zake moja moja. Ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa ya Odessa. Alipomaliza, programu ikamuuliza kama ifute rekodi zisizotumika, maana diski imejaa. Akabonyeza ndiyo, akaenda kuoga.

Siku yenyewe Odessa alikuja amevaa gauni la rangi ya zambarau na hereni ndefu. Alivaa spika za masikioni akiwa anatabasamu. Ubeti wa pili haujafika, akazivua.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mpenzi!"

"Mimi napumua, Thad. Huyu hapumui."

"Nimekusafisha tu. Sikia ulivyotulia kwenye mdundo..."

"Kumbe sikuwa nimetulia. Siku zote hizo nakuimbia, wewe unahesabu makosa yangu."

"Siku tisa, Dessa! Siku tisa sijatoa pua nje kwa ajili yako!"

"Ungetumia dakika moja kuniuliza."

"Haya, basi, narudisha ilivyokuwa."

Akabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, akabonyeza tena, akafungua mafaili. Jasho likamtoka. Hakukuwa na kitu.

"Dessa... za mwanzo nimezifuta."

Odessa alichukua koti lake. "Umenifuta mimi, ukambakisha huyo. Kaa naye."

Wiki hiyo Thaddeus alipiga simu mpaka akajichukia.

"Unataka nini?" Odessa aliuliza siku ya Alhamisi.

"Nikuombe msamaha."

"Jana uliomba, sentensi ya tatu ukaanza kunieleza programu."

Simu ikakatwa. Thaddeus akatupa kalamu ukutani. Ukweli ni kwamba na yeye alikuwa amekasirika. Kazi yote ile, hata asante! Akaufungulia wimbo tena, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba bado aliuona mzuri. Halafu akajaribu kukumbuka Odessa alivyoliimba neno la mwisho la ubeti wa pili. Hakukumbuka. Alikumbuka mistari ya kwenye skrini tu. Hapo hofu ikamshika, akapiga tena.

"Usikate. Nimesahau ulivyoimba, Dessa. Nilikuwa hapo hapo, macho yangu kwenye skrini. Njoo uimbe tena. Sitagusa chochote."

"Jumapili, nikitoka kanisani. Mara moja tu, Thad."

Alikuja na kofia yake ya kanisani, uso umekunjwa. Thaddeus alizima mlio wa kuhesabia mdundo, akageuza skrini ikatazama ukuta, akakaa kupiga piano iliyokuwa pembeni. Odessa akaimba. Alichelewa alipotaka, akapumua alipotaka, na Thaddeus akamfuata. Mara mbili akapotea. Mara mbili Odessa akamtazama, akamsubiri. Wimbo ulipoisha, Thaddeus alikuwa analia bila kujificha.

"Haya," Odessa alisema taratibu, "nisikilizishe."

Thaddeus akageuza skrini. Traki ya kurekodia sauti ilikuwa tupu.

"Dessa, usinipige."

"Nini tena?"

"Sikubonyeza kurekodi."

Odessa alishika kiuno. Thaddeus akasubiri kusikia mlango ukibamizwa.

"Kwa hiyo muda wote ule ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakusikiliza."

Odessa alivua kofia yake, akaiweka juu ya kompyuta.

"Sogea huko," alisema, akakaa naye kwenye benchi la piano.